Mama, Baba Alijibu Jukwaani

Mama yangu,

Nimejifungia chumbani kwako mchana huu. Barazani wamekaa wanawake watatu waliotoka kambini, na kila mmoja wao anasema huenda mimi ni mtoto wake aliyempoteza miaka ile.

Dada yake Baba, Shangazi Felista, amewatandikia mkeka na kuwapa maji. Nawasikia wakizungumza taratibu kwa Kirundi, na mmoja wao akikohoa nasimamisha kalamu. Walipobisha hodi nilikuwa uani nafua. Nilisikia Shangazi akiwauliza shida yao, kisha nikasikia jina langu likitajwa na sauti nisiyoijua. Niliacha nguo kwenye beseni, nikaingia humu, nikasukuma komeo. Nimesoma mpaka kidato cha sita, Mama, nimechaguliwa kwenda chuo kikuu, na nimejificha nyuma ya mlango kama kifaranga aliyeona kivuli cha mwewe.

Kibali chao cha kutoka kambini ni cha leo tu, na gari la kuwarudisha linaondoka sokoni Mwanga jioni. Nikikaa humu mpaka jua lianze kushuka, wataondoka, nami nitabaki mtoto wako kama nilivyokuwa asubuhi. Ndivyo ninavyojiambia. Nakuandikia ili mikono yangu iwe na kazi.

Utauliza walijuaje pa kuja. Uliondoka kabla ya mambo haya yote, kwa hiyo niseme kwanza lile lililo kubwa: Baba ni mbunge.

Najua ungefanya nini. Ungeweka chini chochote ulichoshika, ungefunga dirisha, kisha ungeniuliza kwa sauti ndogo, "Nani amemtuma?"

Wewe ulitaka tuishi bila kuonekana. Nakumbuka majirani wetu wa hapa Gungu walipokuja kumwomba awe mwenyekiti wa mtaa. Nilikuwa nimeketi kwenye kibao cha mbuzi, nakuna nazi, nikakusikia ukimwambia, "Mwalimu, wewe una darasa zima la watu wa kukusikiliza. Hawakutoshi?" Baba alicheka, akatoka, akawakatalia. Nilidhani unamwonea wivu. Nilikuwa mdogo, sikujua kwamba ulikuwa unanilinda mimi.

Ulinieleza mwaka wa ugonjwa wako, mchana, umeegemea mto, mimi nikikulisha uji. Ulisema Baba alikuwa akifundisha shule ya kijijini, karibu na mpaka. Watu walivuka kila siku wakiwa na magodoro, masufuria na watoto. Masomo yakasimamishwa, wakalala madarasani. Malori yalipokuja kuwapeleka kambini, wewe na wake wa walimu wengine mlikwenda kufagia. Nyuma ya ubao, ule wa kusimama kwa miguu yake, ukanikuta nimelala, nimefunikwa sweta la mtu mzima. Ulinibeba ukanipeleka kambini kuuliza mwenyewe.

"Niliuliza siku moja," uliniambia. "Watu walikuwa wengi mno. Wewe ulikuwa umeniganda shingoni, hutaki kushuka. Nikasema nitarudi nikaulize tena. Sikurudi."

Nilikuuliza kwa nini. Ulikitazama kijiko, hukunitazama mimi.

"Niliogopa wangeitika."

Hatukulizungumza tena. Ulimaliza uji, ukaomba maji, na mimi nikaenda jikoni nikasimama tu, nimeshika kikombe. Nilikupenda sana siku ile, na pia nilikuogopa. Sijui kama mtu anaruhusiwa kuandika hivyo kwa marehemu.

Baba, ambaye hajawahi kuomba chochote kwa maofisa wa elimu, aliomba uhamisho. Mkaja hapa Gungu, Kigoma mjini, na mtoto mgongoni. Huku hakuna aliyejua kama tumbo lako liliwahi kuonekana au la. Kule kijijini ulikuwa "mke wa Mwalimu" miaka yote ya ndoa yenu. Huku, tangu siku ya kwanza, majirani wakakuita Mama Neema. Jina hilo ndilo tuliloandika kwenye msalaba wako.

Unakumbuka Katonga, kule ufukweni? Tulikwenda kununua dagaa, nikiwa nimeanza shule. Boti zilikuwa zinaleta watu siku hizo, safari hii kutoka upande wa Kongo, nao walikuwa wamekaa mchangani wakisubiri kuandikishwa. Mwanamke mmoja aliomba maji kwa lugha yao. Nilielewa, nikampelekea chupa yangu. Ulinivuta mkono mpaka nikaangusha dagaa, ukanifunika kichwa kwa khanga yako, ukaukandamiza uso wangu tumboni kwako. Niliisikia pumzi yako ikienda mbio. Kila mtu pale Katonga angeelewa mwanamke yule anataka nini, Mama. Mtu mwenye kiu haelezi sana. Lakini wewe uliona wameshanitambua. Tukapanda mpaka barabarani bila kusema neno, ukanikabidhi kwa mama muuza ndizi, ukarudi peke yako. Nilikuona kwa mbali umechuchumaa mbele ya yule mwanamke, umemshikia ndoo anakunywa. Uliporudi ulikuwa umelowa mpaka magotini, na uliniambia, "Ukiulizwa, umezaliwa Gungu."

Nimezaliwa Gungu. Nilisema hivyo shule ya msingi, nikasema hivyo sekondari, nimesema hivyo hata kanisani. Nikiwa bwenini na homa niliogopa kulala, nisije nikaongea usingizini nikasema jambo jingine.

Ulipokufa Baba alikuwa ameshastaafu, na nyumba ikamshinda. Alikuwa akiamka, anavaa shati la kazini, anachomeka kalamu mfukoni, kisha anakaa. Baadaye akaanza kwenda Mwanga kukaa kwa Jumanne fundi cherehani, yule mwanafunzi wake wa zamani. Watu wakamzoea pale. Mmoja alimletea ugomvi wa mpaka wa shamba, mwingine mtoto aliyekataa shule, wavuvi wakamletea malalamiko yao ya nyavu. Yeye aliwasikiliza wote kwa namna ile ile: husema mtu mmoja, wengine mnanyamaza, mwisho mnarudia alichosema kabla ya kumjibu. Watu wazima na ndevu zao walirudia kama watoto wa darasa la pili.

Jumapili moja wakaja nyumbani. Mafundi cherehani, bodaboda, wauza mawese, walimu wawili. Wote walipita mikononi mwake. Nilikuwa jikoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mmefeli nini tena?"

Walicheka. Jumanne akasema, "Mwalimu, tumekuja kukuomba usimame ubunge."

"Mimi? Na miguu hii?"

"Miguu tutakubeba. Tunataka mdomo."

Baba alichomoa kalamu mfukoni, akaichomeka tena. Nilingoja ajibu kama alivyojibu wale wa uenyekiti wa mtaa. Nikaanza hata kukusikia wewe, Mama, ukimuuliza kama darasa halimtoshi. Lakini wewe hukuwepo, na darasa pia halikuwepo tena. Nikamsikia akisema, "Basi tufanye kazi vizuri. Sipendi kazi ya kulipua."

Nilitoka jikoni mikono ina unga, nikasema mbele ya wageni wote, "Baba, usikubali." Jumanne aliniona nimepauka, akanitania, "Neema, unaogopa kuwa mtoto wa mheshimiwa? Utapanda gari la kiyoyozi mpaka ukohoe!" Wote wakacheka. Baba hakucheka. Alinitazama, alijua ninachoogopa, na bado alikubali. Hilo sijamsamehe vizuri. Nalisema kwako tu.

Alishinda kura za maoni, akapitishwa na chama, na hapo maneno yakaanza. Mpinzani wake, tajiri mmoja wa maboti, hakusema kitu hadharani. Yalisemwa sokoni. Kwamba Mwalimu ni Mrundi. Kwamba kumchagua ni kuwachagua watu wa ng'ambo. Unajua namna sisi watu wa Kigoma tunavyochunguzwa hata bila kosa. Muha akisafiri tu huulizwa uraia wake njiani. Maneno ya namna hiyo huku yanashika haraka kuliko moto.

Mama mmoja ninayenunua kwake nyanya aliniuliza akitabasamu, "Eti Neema, kwenu ni wapi?"

"Gungu."

"Na kabla ya Gungu?"

Nilisahau nyanya kwenye meza yake. Niliporudi nyumbani nilimwomba Baba anifiche. Nilimwambia, "Kwenye mikutano usinitambulishe. Niruke."

"Nikikuruka wewe nimtambulishe nani? Kuku?"

Ndiyo desturi ya kampeni, Mama. Mgombea hutambulisha watu wa nyumbani kwake, wasimame, wapungiwe mikono, watu wajue anayewaomba kura ana familia. Baba ni mgane. Familia yake jukwaani ilikuwa mimi peke yangu.

Siku yenyewe tulikuwa uwanjani, karibu na soko la Mwanga. Nilivaa kitenge cha kampeni. Baba alinishika mkono akanileta mbele. "Huyu ni Neema, binti yangu." Makofi yakapigwa. Katikati ya makofi sauti ya mwanamume ikatoka upande wa wauza viatu:

"Huyo si Mrundi huyo? Mwalimu, mrudishe kwao!"

Baadhi ya watu wakacheka. Mshereheshaji akaashiria muziki upandishwe, kama wanavyofanya mtu akizomea. Mwanasiasa yeyote angeuacha muziki umeze maneno yale, na mimi ningekuwa salama mpaka leo. Lakini Baba si mwanasiasa. Aliinua mkono kama alivyokuwa akiinyamazisha shule nzima asubuhi mstarini, na muziki ukakatwa.

"Nani ameuliza?"

Watu wakageuka kutazamana.

"Nimesema, nani ameuliza? Huwezi kuuliza swali umejificha mgongoni kwa mwenzako. Njoo mbele, taja jina lako, uliza."

Umati ukafunguka. Akatoka mwanamume mzima, kofia mkononi. "Shabani, Mwalimu. Ulinifundisha darasa la nne."

"Ulikuwa unachelewa."

"Ndiyo, Mwalimu."

Watu wakaangua kicheko. Baba hakuwa anamdhihaki, alikuwa anamkumbuka tu. "Mpeni kipaza sauti," akasema. Jumanne akakishika kwa nguvu, akamnong'oneza, "Mwalimu, achana naye, huyu kalipwa." Baba akamwambia, "Mpe."

Fikiria, Mama. Alimpa kipaza sauti mtu aliyekuja kumzomea.

Shabani alikishika kama kitu cha moto. "Mwalimu, kwa heshima zote, nauliza. Huyo binti ni wa kumzaa?"

"Swali zuri," Baba akasema.

Nilimminya mkono. Nilimminya mpaka kucha zangu zikazama. Aliendelea, sauti ileile ya kufundisha, polepole, ili hata wa nyuma kabisa wasikie.

"Hapana. Sikumzaa. Marehemu mke wangu alimkuta darasani, nyuma ya ubao, wakati watu wanakimbia vita Burundi. Waliomzaa siwajui. Mimi ni Muha wa mkoa huu, baba na babu yangu wamezikwa huku, mnaweza kwenda kuuliza. Huyu alikuja kama mlivyowaona wengine wakija. Amekula kwangu, amesoma kwangu, ananiita baba, nami naitika. Mwenye swali la nyongeza anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Nilisikia turubai la jukwaa likipigwa na upepo wa ziwani. Kisha mama mmoja muuza mawese akapaza sauti, "Mwalimu, na mimi ninao wawili nyumbani, na mmoja mlafi huyo!" Uwanja mzima ukalipuka. Watu walicheka, wakapiga vigelegele, wakataja watoto wao waliowapokea, wa kaka, wa jirani, wa mtu aliyepita njiani. Shabani mwenyewe alicheka. Mimi nililia, na walidhani ni furaha, wakazidi kupiga makofi.

Jioni Baba alikuwa ananawa miguu uani. Nilimwambia, "Umenianika mbele za watu wote."

"Nimejibu swali."

"Lakini jibu lenyewe lilikuwa mimi, Baba. Hukuniuliza."

Aliacha kunawa. Maji yakawa yanadondoka tu. "Mama yako angeninyima chakula leo," alisema. Kisha akasema, "Ningekataa ulikotoka, Neema, ungebaki mtu wa kukataliwa. Sikuweza." Nilitaka kumjibu kwamba wewe ulinificha miaka yote bila kunikataa hata siku moja. Niliingia ndani nikageuza kitanda changu mbali na dirisha.

Watu wanasema jibu lile ndilo lililompa ubunge. Kwangu ndilo lililonivua nguo uliyonishonea tangu utotoni. Tangu siku ile pikipiki ikisimama nje natega sikio. Nangoja maofisa waje waniulize karatasi zangu. Kambini nako wanasema watu watarudishwa Burundi hivi karibuni, na mimi sijui kama ninahesabiwa kati ya wale wa kurudishwa. Maofisa hawajaja mpaka leo. Kilichokuja ni hiki ambacho sikukiwaza: redio ya hapa mjini ilirusha mkutano ule, na kambini wanasikiliza redio. Walisikia "darasani, nyuma ya ubao." Walisikia "waliomzaa siwajui."

Nimempigia Baba simu Dodoma nikiwa humu, nikinong'ona. Kesho anakula kiapo. "Baba, wamekuja wanawake kutoka kambini. Wananitaka mimi."

"Wamekula?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Wametoka mbali." Nikasikia watu wakicheka nyuma yake, wabunge wenzake nadhani. "Nirudi? Kiapo kinaweza kungoja."

Nilitaka kusema rudi. Nilitaka aje asimame mlangoni, mrefu, na kalamu yake mfukoni, awaambie muda wa maswali umekwisha. Nikasema, "Hapana. Kula kiapo kwanza."

"Basi fanya unachoweza. Usipotoka, sitakulaumu. Mama yako naye hakurudi kuuliza, na sikumlaumu."

Kumbe alijua, Mama. Alijua miaka yote.

Shangazi Felista amekuja mara mbili mlangoni. Mara ya kwanza alikuja kwa ukali: "Wewe mtoto, wageni hawaachwi barazani kama magunia ya mkaa! Toka!" Mara ya pili alikuja polepole, akaongea kupitia ufa wa mlango. Alisema wanawake wale hawajuani sana, wamekutana kwenye gari. Mmoja alitenganishwa na mtoto njiani, usiku wa mvua. Mwingine alimwacha mwanawe kwa dada yake, na dada hakuonekana tena. Wa tatu, mwenye kitenge cha njano, hasemi sana. Shangazi alimuuliza atafanyaje ikiwa mimi si wake. Akajibu, "Nitamsalimia, nirudi."

Maneno hayo yamekaa na mimi humu chumbani. Nimejaribu kuyaondoa kwa kuandika, hayatoki.

Nilidhani ninaogopa kwamba mmoja wao ni mama yangu. Naogopa kweli. Naogopa atanitazama na kuona mtu aliyepaswa kumtafuta na hakumtafuta. Naogopa ataniambia twende, na mimi sina lugha ya kumkatalia mtu kama huyo. Naogopa nitampenda, halafu nikija kaburini kwako nisijue nisimameje. Lakini kuna hofu nyingine chini ya hiyo: kwamba nitatoka, watanikagua uso, na wote watatu watatikisa kichwa.

Wewe uliogopa wangeitika. Sasa wameitika, Mama, nao wamekaa kwenye mkeka wako wakinywa maji kwenye vikombe vyako. Jua limeanza kuingia barazani na nasikia mmoja akiuliza saa.

Nimeamua hivi. Sitawauliza alama, wala sitawaachia wanipime kama kitambaa. Nitakaa chini pamoja nao kwanza. Nitawaambia nilikokutwa na nilichofunikwa. Nitawaambia kwamba mwanamke aliyeniokota alinibeba mgongoni mpaka nikawa mzito, kwamba nilipougua hakulala, kwamba nilisoma, kwamba nilishiba, kwamba nilipendwa kupita kiasi. Nitawaambia wote watatu, mmoja mmoja, nikiwatazama usoni. Kama mmoja wao ni yeye, atakuwa amejua mwanawe aliishije. Wale wengine wawili watarudi kambini wakijua kwamba katika miaka ile kulikuwa na mwanamke wa namna hiyo huku, na kwamba huenda hakuwa mmoja tu.

Baada ya hapo sijui.

Shangazi anagonga tena. Anasema mwenye kitenge cha njano amesimama, anavaa ndala zake. Naweka kalamu chini. Pumzika, Mama, na kama kuna namna ya kusimama karibu na mtu kutoka huko uliko, simama karibu nami sasa hivi.

Mwanao wa pekee,
Neema